Uamuzi wa miaka 17 na shida za nyumbani: jibu kwa fundi wa Nakuru

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 28, nafanya kazi ya kuchomelea vyuma jua kali hapa Nakuru. Nyumbani ni upande wa Matungu, Kaunti ya Kakamega, na mimi ndiye kifungua mimba. Nikiwa kidato cha tatu pesa za miwa za baba zilichelewa zaidi ya mwaka. Nikawa narudishwa nyumbani karo kila mara, mpaka siku moja nikaamua sirudi tena. Nikawafuata binamu zangu Nakuru, tukaingia mjengo. Binti ya baba mdogo tulikuwa naye darasa moja, boma letu ni moja, shida ni zile zile. Yeye aliendelea, wakati huo alikuwa akikaa kwa mama yake mdogo ambaye ni mwalimu Kakamega mjini, na leo ni muuguzi Kisumu. Kila nikienda nyumbani mama hunikumbusha kwamba maji niliyavulia nguo mwenyewe. Nina watoto wawili na mikopo ya simu mitatu. Mwenye karakana hunilipa chini ya wenzangu walio na cheti, na kazi ngumu ananipa mimi. Nataka kujua: ni mimi niliyeharibu maisha yangu, au ni shida? Na je, nimeshachelewa?

JIBU: Ndugu yangu, kila nikiusoma ujumbe wako macho yangu yanatua pale ulipopita mbio: kwamba binti ya baba yako mdogo alikuwa akikaa kwa mama yake mdogo, mwalimu, Kakamega mjini. Nitaanzia hapo, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo humo.

Unasema shida zenu zilikuwa zile zile. Boma lilikuwa moja, lakini shida haikuwapata sawa. Miwa ilipokosa kulipwa, baba yako na baba yake wote walibaki mikono mitupu, ila yeye alikuwa na nyumba ya pili ya kukimbilia, yenye mshahara wa mwisho wa mwezi na mtu mzima anayejua shule inavyokwenda. Mama mdogo huyo ni wa upande wa mama yake. Wewe hukuwa na njia ya kwenda kubisha hodi kwake na sanduku lako mkononi. Tena wewe ulikuwa mvulana, kifungua mimba, katika nyumba isiyo na pesa. Hakuna aliyekutamkia kwamba ni zamu yako kutafuta, lakini najua ulilisikia. Binti ya baba yako mdogo alisoma kwa bidii, na sitaki kumpunguzia sifa hata kidogo. Ninachokataa ni wewe kupima uamuzi wako kwa uamuzi wake kama kwamba mlisimama mahali pamoja.

Nilifundisha sekondari huko Kakamega miaka mingi kabla ya kuhamia Nakuru kwenye kazi ya ushauri nasaha, nikiwa ndiye mwalimu ambaye wanafunzi hutumwa kwake wanapokuwa na matatizo. Jumatatu ya karo naijua. Majina yanasomwa paredi, mmoja mmoja, mbele ya shule nzima. Mwanafunzi anarudi bwenini, anafunga sanduku la bati kwa kufuli, anapita getini bila kuangalia nyuma. Serikali ilianza kugharamia masomo ya sekondari mwaka 2008, lakini gharama za bweni ziliachiwa mzazi, na hizo ndizo zilizowatoa wengi. Safari ya kwanza kijana anarudi baada ya siku chache, ana pesa kidogo na barua ya baba ya kuomba muda. Safari ya pili ni wiki mbili, na akirudi anakuta mwalimu wa hisabati amemaliza mada nzima. Ya tatu, ya nne, hapo karo si hofu yake kubwa tena. Anachoogopa sasa ni kuitwa ubaoni kufanya hesabu ambayo hakuwepo ilipofundishwa, wenzake wakimtazama. Halafu siku moja anasema sirudi. Kijijini watasema amekataa shule. Mimi niliyekaa nao ofisini nasema wengi wao walichoka kurudi wakiwa nyuma kila mara. Hata kukariri darasa kulihitaji karo ya mwaka mwingine, na hiyo ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa uujue kwa sababu unahusu wakulima wa miwa kama baba yako, ingawa ni wa kule India, katika jimbo la Tamil Nadu. Ulichapishwa mwaka 2013. Watafiti waliwapima wakulima 464 uwezo wa kufikiri, mara moja kabla ya mavuno wakati pesa zimekwisha nyumbani, na mara nyingine baada ya mavuno walipokuwa wamelipwa. Watu ni wale wale, akili ni zile zile. Lakini kabla ya mavuno walikosea zaidi na walichukua muda mrefu zaidi kujibu. Watafiti waliangalia kama ni lishe au uchovu wa kazi, wakaona havitoshi kueleza tofauti hiyo. Kichwa kilikuwa kimejaa hesabu za madeni, nafasi ya mambo mengine ikawa ndogo. Wazee wetu walishasema mwenye njaa hana miiko, na mimi naongeza kwamba hana hata nafasi ya kufikiria mwaka ujao. Mkulima mzima aliyezoea kungoja mavuno anayumba hivyo. Wewe ulikuwa na miaka 17, na baba yako alikuwa haoni hata tarehe ya malipo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ni wewe uliyeharibu, kuhusu siku ile ya kidato cha tatu nasema: hapana. Ulichagua, ni kweli, lakini ulichagua ukiwa katika hali mbaya kabisa ya kuchagua, bila mtu mzima wa kukuambia subiri. Ule mzigo utue.

Sasa nitasema la pili, na nalisema kwa sababu nakuheshimu. Siku ile haikuwa ya mwisho kwako kuamua. Umekuwa fundi kwa miaka. Kuna majira ambapo kazi ilikuwa nyingi na mfuko ulikuwa na kitu, na cheti cha ufundi hukukitafuta. Sijui ni kwa nini, lakini nadhani naijua sababu, maana nimeiona kwa wengi waliotoka shule kama ulivyotoka wewe: mtihani wowote unawarudisha ile Jumatatu ya paredi. Mtu anaweza kusimama juu ya paa la ghorofa ya nne na mashine ya kuchomelea bila hofu, lakini ukimpa fomu ya kujaza jina na kiwango cha elimu mkono unatetemeka. Kama ndivyo, hilo ni jeraha la zamani linalokuamulia mambo ya leo, na ni sehemu ya maisha yako ambayo sasa iko mikononi mwako kuliko ilivyokuwa ukiwa na miaka 17.

Watu hupenda kubishana kama maisha ni bahati au ni bidii. Mfano ninaoutegemea zaidi uko karibu na kwenu. Mwaka 1998 shule 75 za msingi huko Busia ziliingizwa katika mpango wa dawa za minyoo, shule nyingine zikianza mapema na nyingine zikingoja zamu yao miaka miwili mitatu. Michael Kremer, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, alikuwa miongoni mwa watafiti. Watoto wale walifuatiliwa hadi wakawa watu wazima. Miaka 20 baadaye, wale ambao shule zao zilianza mapema walikuwa wakipata mapato ya juu zaidi kwa saa ya kazi, kwa takriban asilimia 13, kuliko wenzao waliongoja. Hakuna mtoto hata mmoja aliyechagua shule yake iwe ya kwanza au ya mwisho. Walimeza kidonge walichopewa darasani wakaenda kucheza. Kila nikisikia mtu aliyefanikiwa akisema mbele ya vijana kwamba yote ni bidii yake, huwakumbuka watoto wa Busia.

Lakini hao hao watoto, waliopata dawa mapema na waliongoja, hawakuishia mahali pamoja. Ndani ya kila kundi kuna waliofika mbali na waliokwama, na hapo ndipo uamuzi wa mtu unapopata nafasi. Shida inakupunguzia njia. Mara chache sana inabakisha moja tu.

Kuhusu kuchelewa. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698, wote waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, tangu kabla ya kuzaliwa hadi walipofika umri wa miaka 40. Baadhi yao walikulia kwenye umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi, magonjwa. Takriban theluthi moja ya hao waliokuwa na shida nyingi walikua wakawa watu wazima imara, na jambo moja lililojirudia kwao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashika mkono: nyanya, mwalimu, jirani. Wewe unamfahamu mtu wa namna hiyo. Ni yule mama mdogo wa Kakamega.

Matokeo ninayotaka uyashike, hata hivyo, ni ya kundi jingine: waliovurugikiwa wakiwa vijana, wakaacha shule au wakaingia matatani. Wengi wao walikuwa wamejirekebisha walipofika miaka ya 30 na 40. Haikuwa kwa muujiza. Walipata mlango mpya na wakaingia: chuo cha jioni, jeshi, ndoa yenye amani, kanisa lililowapokea. Una miaka 28. Kwa hesabu za Kauai, umri wa wengi kugeuka ndio kwanza unakukaribia.

Na hapa nchini tunaye Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, Januari 2004 akiwa na miaka 84. Watu humtaja kama mfano wa moyo wa kujaribu, na alikuwa nao. Lakini moyo huo alikuwa nao miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba mwaka mmoja kabla, Januari 2003, karo ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa. Mlango ulipofunguliwa, yeye alikuwa tayari ameshasimama nje.

Mlango wako wewe uko wapi? Nitakuambia ninaouona mimi.

Usianze na mtihani wa kidato cha nne. Unaruhusiwa kuufanya kama mtahiniwa wa kibinafsi, na masomo yasipungue saba, lakini baba wa watoto wawili anayetoka karakana jioni akiwa na macho mekundu ya moto wa weldingi hawezi kubeba masomo saba kwa sasa. Anza na mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Mtihani huo una madaraja matatu, la tatu ndilo la kuanzia na la kwanza ndilo la juu, na hautaki cheti cha shule. Unataka kazi ya mikono. Wana kituo Kisumu, na hapa Nakuru uliza kwenye vyuo vya ufundi ni kipi kinachopokea watahiniwa wa fani yako. Vitendo vitakuwa kitu unachokifanya kila siku: unapewa vipande vya chuma na mchoro, unaunganisha. Mkaguzi atagonga gamba jeusi kwa nyundo, apige brashi, aangalie mshono wenyewe. Je, umetulia upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho? Una vitundu vya hewa? Kingo za chuma zimeliwa kwa sababu moto ulikuwa mkali kupita kiasi? Maswali ya nadharia ndiyo yatakayokutia hofu, nayo ni ya usalama, aina za rodi, kipimo cha umeme kulingana na unene wa chuma. Hayo unayajua. Hujawahi tu kuulizwa kwa sauti ya mtihani.

Kuna njia nyingine inayokua, ya kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya mfumo wa kitaifa wa sifa uliowekwa na sheria ya mwaka 2014. Huko unapeleka ushahidi wa kazi zako na mtathmini anakuhoji na kukutazama ukifanya. Baadaye inaweza kukufikisha kwenye kozi za juu katika vyuo kama Sigalagala au Kisumu National Polytechnic. Ila daraja la tatu la NITA kwanza, kwa sababu ndilo litakalobadilisha mshahara wako mapema.

Sasa pesa, maana najua utaniambia pesa ya mtihani inaliwa na mikopo kabla haijafika. Watafiti waliofanya kazi na vyama vya kuchangiana hapa magharibi mwa Kenya waliwapa wanachama kisanduku cha chuma chenye tundu la kudumbukizia pesa na kufuli, ufunguo wanakaa nao wenyewe, kwa ajili ya akiba ya afya. Hakukuwa na riba wala adhabu ya kufungua. Baada ya mwaka, matumizi yao ya kujikinga na magonjwa, kama kununua chandarua, yalikuwa yamepanda kwa takriban theluthi mbili kuliko ya wasiopewa. Wengi walieleza kwamba pesa ikishaingia kisandukuni inakuwa na jina, na ndugu akija kuomba ni rahisi kumwambia hiyo ni ya kazi fulani. Wewe ni fundi wa vyuma. Tengeneza chako Jumamosi hii kwa vipande vilivyobaki.

Na uitumie siku ya malipo vizuri. Kutokana na yale ya wakulima wa miwa, ushauri ninaowapa watu wote wa kipato cha wiki ni huu: maamuzi makubwa yafanyeni siku mfuko una kitu, kabla hamjafika nyumbani. Jiandikishe mtihani Jumamosi ya malipo. Mkopo wa simu huchukuliwa Jumatano, siku mtoto anakohoa na unga umekwisha, na kwa hiyo masharti hayasomwi. Kwa mikopo uliyonayo, usichukue wa nne kulipa wa tatu. Anza na ule mdogo kabisa uumalize, halafu pesa uliyokuwa ukiulipia uisukume kwa unaofuata. Deni lililokwama likifika CRB, yaani ofisi zinazotunza rekodi za mikopo, rekodi yake inaweza kukaa hadi miaka 5 hata baada ya kulilipa, na fundi anayetaka mashine yake mwenyewe siku moja atauhitaji mkopo halali wa sacco au benki.

Mama yako. Nadhani anaposema maji uliyavulia nguo mwenyewe, anajitetea pia. Alikuwa nyumbani siku ile uliposema hurudi, na hakuwa na shilingi ya kukurudishia. Mzazi aliyeshindwa kulipa karo hulala na jambo hilo miaka mingi, na kusema mtoto alikataa mwenyewe humpa usingizi kidogo. Usibishane naye mbele ya watu. Siku mkiwa wawili, mwambie tu: "Mama, mwaka ule sote tulikwama." Kisha unyamaze, umpe nafasi. Asipojibu pia si neno, utakuwa umeyasema.

Binti ya baba yako mdogo mpigie simu. Usimpigie kuomba pesa. Mwombe akusaidie kusoma ile sehemu ya nadharia, hata kwa simu jioni akiwa hayuko zamu. Ameshafanya mitihani mingi, anajua jinsi ya kumtuliza mtu aliye na hofu, ndiyo kazi yake, na nina hakika zaidi ya miaka kumi ya kulinganishwa nawe imemchosha na yeye.

Kabla ya yote, ongea na mwenye karakana. Mwombe barua fupi inayoonyesha tarehe uliyoanza kwake, kazi unazofanya, mageti, madirisha, matrela, chochote, na sahihi yake pamoja na muhuri kama anao. Huenda akasita, kwa sababu anajua ukipata cheti bei yako itapanda. Akikataa, piga picha za kazi zako kuanzia leo, kila moja na tarehe, na uchukue majina ya wateja wawili watatu walioridhika. Barua ikipatikana, itoe nakala mbili, moja uiache kwa mkeo.